Joto la Februari, jiko mbele, mteja anataka soga: namna ya kuongea naye

Saa saba mchana, Februari, Dar es Salaam. Mafuta yanaunguruma kwenye karai, mkaa umeshika vizuri, na bati la juu limepata moto kiasi kwamba ukiinua mkono unalihisi kabla hujaligusa. Mteja anaingia kivulini, anavuta kola ya shati apate upepo, anasema: "Dada, joto la leo!"

Wewe umeshaambiwa hivyo mara thelathini tangu asubuhi. Yeye ndiyo kwanza anakwambia.

Nakaanga chipsi mwaka wa kumi na moja huu, minne ya mwanzo nikiwa msaidizi kwenye vibanda vya watu. Nimeona vibanda vyenye chipsi tamu vikikimbiwa kuanzia Desemba hadi Machi kwa sababu mwenye kibanda akishapata joto anakuwa mkali. Viazi ni vilevile, mafuta ni yaleyale, kauli ndiyo imebadilika. Kwa hiyo haya namwandikia anayeanza kazi ya mbele ya moto: chipsi, mishikaki, chapati, vitumbua, mama lishe. Hata fundi wa kuchomelea na mpiga pasi wa mkaa watapata humu cha kuwafaa.

Kabla ya hatua zenyewe, lishike hili: anayekwambia joto anakusalimu. Kwetu mtu hafiki mbele ya mwenzake na kutaja chakula moja kwa moja. Ataanza na hali, na msimu huu hali yenyewe ni joto. Ukimpokea hapo, yaliyobaki yanakwenda yenyewe. Ukimwacha hapo, atakula chipsi zako kimya, na kesho atakula za jirani.

Hatua ya kwanza: panga kibanda kwa upepo wa msimu

Soga nyingi za malalamiko zinaanzia pale mteja aliposimama. Akisimama juani, atalalamika juu ya jua, juu ya foleni, mwisho juu ya chumvi. Akikaa kivulini na upepo unampiga, atakuuliza habari za watoto.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, ikitokea kaskazini mashariki, na ndiyo yenye joto. Kusi inachukua nafasi baada ya hapo na kutuletea miezi ya baridi ya Juni na Julai. Mimi nilikijenga kibanda changu mwezi wa saba. Jiko nikaliweka pembeni, nikaona pako sawa kabisa. Ilipofika Januari upepo ulikuwa umegeuka, na moshi pamoja na joto la karai vyote vikawa vinakuja usoni kwangu, kisha vinapitiliza hadi kwenye benchi la wateja. Wiki nzima nilikuwa nawaza wateja wamekuwa wakorofi.

Kanuni ni hii: upepo ufike kwa mteja, ufike kwako, ndipo ufike kwenye jiko. Benchi likae upande upepo unakotoka. Msimu ukigeuka, na wewe geuza. Kama kibanda hakigeuki, hamisha jiko hata hatua tatu.

Bati tupu bila kitu chini yake ni tanuri. Tandika makuti au mkeka wa miyaa chini ya bati, acha nafasi ya upana wa kiganja ili hewa ipite, na ziwe mbali na jiko zisije zikashika moto. Turubai jeusi usilitumie kabisa msimu huu. Kumbuka pia kwamba hapa Dar jua linatupitia utosini mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, kisha tena katikati ya Oktoba. Siku hizo saa sita na nusu kivuli chako kinaishia miguuni. Mwamvuli ulioukita kwa ajili ya jua la saa tisa hautamfunika mtu wa mchana.

Halafu weka ndoo ya maji yenye koki pale mteja anapoingilia, na sabuni. Mtu akishanawa mikono na kujipaka maji usoni, sauti yake inashuka. Hilo naliona kila siku.

Hatua ya pili: kunywa kabla hujaongea

Nikianza kujibu watu "eeh" na "mmh", najua sina maji mwilini. Sikulijua hilo mwanzoni. Nilidhani nimechoka na watu, kumbe kiu. Mdomo ukikauka ulimi unakuwa mzito, na mtu mwenye ulimi mzito anasikika kama amenuna hata kama moyoni hana neno.

Unapofanya kazi ya jasho kwenye joto, kunywa kikombe kimoja cha maji, kama robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20, usingoje kiu. Lakini usishindilie: ukipita lita moja na nusu ndani ya saa moja unaweza kujidhuru, kwa sababu chumvi mwilini inapungua mno. Mimi nina dumu la lita tano lenye alama za kalamu ubavuni. Saa sita liwe limeshuka hadi alama ya kwanza, saa nane hadi ya pili. Nikitazama alama naelewa kama kauli yangu itakuwa nzuri jioni.

Siku ambayo jasho limekutoka hadi gauni limeganda mgongoni, maji peke yake hayatoshi. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, koroga, kunywa kidogo kidogo. Ni ile ile tunayowapa watoto wakiharisha. Dafu nalo ni zuri, na hapa Pwani halina uhaba.

Kama umetoka Njombe au Arusha umekuja kuanza kazi Dar, usijilazimishe siku ya kwanza. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Mwajiri mwenye busara atakuweka kwenye kumenya viazi kivulini kwanza, akusogeze jikoni kidogo kidogo. Nimewahi kuona binti anawekwa kwenye karai siku ya kwanza, saa tano hadi saa kumi, halafu anaambiwa hana kauli kwa wateja. Kauli angeitoa wapi?

Hatua ya tatu: salamu haikatwi

Joto halijawahi kufuta shikamoo. Mzee akisogea, unampa shikamoo yake hata kama una kijiko cha matundu mkononi na viazi vinaelea. Kinachokuruhusu kuendelea na kazi ni kumwambia uko wapi: "Shikamoo mzee wangu, nipo kwenye mafuta kidogo, karibu ukae." Ameheshimiwa, amepewa kiti, na wewe macho hujayatoa kwenye karai. Ukinyamaza ili umalizie kwanza, kwake zile sekunde ishirini ni dharau, wala hajui habari za mafuta yako.

Akikwambia "Pole na kazi", jibu "Asante, nimeshapoa", kisha mrudishie: "Na wewe pole na jua." Msimu huu hiyo pole ya kurudisha ina uzito, maana naye ametoka juani. Dereva wa bodaboda amekaa kwenye jua kwa muda wa saa tano nzima, kofia ngumu kichwani. Machinga ameshika mzigo begani tangu Kariakoo. Ukimpa pole kabla hajakwambia neno, anakaa kama mtu aliyefika kwao.

Asalaam aleikum inajibiwa, wala hapo pasiwe na mjadala. Vijana wenye "mambo" wape "poa", wala usiwalazimishie shikamoo kwa kuwa tu umewazidi miaka mitatu.

Hatua ya nne: kubali, rudisha, geuza

Sasa tunafika kwenye "joto la leo" lenyewe. Jibu lina sehemu tatu, na zote zinaingia kwenye pumzi moja. Unakubaliana naye. Unamrudishia neno linalomhusu yeye. Unageukia chakula.

"Kweli, la leo limezidi. Umetoka mbali? Nikufungie au unakula hapa kwenye upepo?"

"Hili fukuto la mvua, kaka yangu, usiku tutapata nafuu. Kavu au mayai?"

"Jamani, tena na wewe umevaa tai! Kaa hapo upande wa feni. Nikuwekee kachumbari nyingi?"

Ukishindwa vyote, tumia hili la mkato: "Tuombe mvua tu, mama. Nikupatie nini?"

Wengi wanaharibu kwenye ile sehemu ya kwanza. Wapo wanaobisha: "Hili si joto, ungekuja juzi." Umeshamnyima mtu haki ya kutokwa jasho lake. Wapo wanaolipokea na kuliongeza: joto, mkaa umepanda, mtoto hajalala, mafuta bei juu, mgongo unauma. Mteja alitaja kitu kimoja, amepewa vitano, na vyote havihusiani na chipsi alizofuata. Shida zako ni za kweli, na wapo watu wa kuwaambia. Aliyekaa mbele yako na njaa ya mchana si mmoja wao.

Swali lingine utakaloulizwa kila siku ni hili: "Wewe hapo kwenye moto unawezaje?" Usijifanye chuma. Ukisema husikii joto, atajua unadanganya, maana jasho analiona. Mimi najibu: "Nakunywa maji sana, na upepo huu unanisaidia. Wewe nikupe maji kwanza?" Hapo hapo namimina kikombe. Maji ya dumu la lita ishirini kugawa bure kwa wateja ni gharama, sikatai, lakini hakuna matumizi mengine pale kibandani yaliyonirudishia kama hayo.

Majibu yako yawe manne au matano, uyabadilishe. Mteja wa kila siku akisikia sentensi ileile Jumatatu hadi Ijumaa ataona unamsomea. Mtu wa kila siku msemeshe la kwake: yule mguu wake, yule mwanawe aliyeingia kidato cha kwanza Januari, yule pikipiki yake iliyokuwa gereji.

Hatua ya tano: jua wakati wa kunyamaza, na uutangaze

Kuna nyakati tatu mdomo unafungwa: unapomwaga viazi kwenye mafuta, unapoinua au kusogeza karai, na unapohesabu chenji. Basi.

Mafuta ya kukaangia chipsi yanakuwa kwenye nyuzi 170 hadi 190 hivi. Kiazi chenye maji kikiingia pale, maji yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa namwaga viazi huku nimemgeukia mteja anayenisimulia harusi ya dada yake. Jasho lilikuwa limeniingia machoni, sikuwa nimekung'uta maji vizuri, na sikuangalia. Mafuta yalinipanda kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Yule mteja hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anaongea kwa sababu mimi nilikuwa naitikia.

Tangu hapo natangaza: "Subiri kidogo dada, namwaga viazi." Namwaga. Narudi nyuma kiasi cha mkono mmoja. Kisha: "Haya, bwana harusi akasema nini?" Hilo la mwisho ndilo linalofanya kukatisha kusiwe kukatisha. Ukikumbuka mtu aliishia wapi, anajua ulikuwa unamsikiliza.

Ukiungua, kimbilia maji. Maji safi ya kawaida ya bomba au ya kumwagia na kata, yatiririke juu ya jeraha dakika 20 nzima, hata kama foleni ni ndefu. Usipake dawa ya meno, usipake yai, usipake unga. Mimi nilipakwa dawa ya meno na mtu mwenye nia njema, na pale zahanati nesi alianza kwa kuibandua. Maumivu ya kubanduliwa yalizidi ya kuungua.

Kuhusu chenji, msimu wa joto makosa yanaongezeka, hilo nimelithibitisha kwenye daftari langu mwenyewe. Wanaolipa kwa lipa namba wanakupunguzia kazi, ila usichukue neno la mtu kwamba "nimeshatuma". Tazama ujumbe, shukuru, endelea. Anayelipa kwa noti, itaje noti yake kwa sauti: "Elfu kumi yako hii." Kisha hesabu ukiwa kimya.

Hatua ya sita: soga ndefu uikabidhi kwa benchi

Kuna mteja anayekuja kula, na kuna anayekuja kukaa. Huyu wa pili usimfukuze. Anakifanya kibanda kionekane kina watu, na watu hufuata watu. Tatizo ni kwamba anataka akuangalie wewe machoni saa nzima, na wewe una karai.

Mpe mwenzake. Hii ndiyo mbinu iliyoniokoa kuliko zote. Mzee akianza habari za joto la zamani, mgeukie aliyekaa pembeni: "Anko, wewe si ulikuwa Tanga miaka hiyo? Eti kulikuwa hivi?" Wameshaanza. Mimi narudi kwenye mafuta yangu. Baada ya dakika kumi natupia neno moja, wanajua bado nipo.

Simba na Yanga ni mada nzuri ya kukabidhi, maana haihitaji mwenye kibanda. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ni ya 1936, huo ubishi unajiendesha wenyewe tangu wakati wa babu zetu. Mimi sitaji upande wangu hata nikibembelezwa. Siku ya mechi kubwa nasema: "Atakayeshinda aje anunue, atakayefungwa aje nimpe pole." Siasa naishughulikia vivyo hivyo ila kwa haraka zaidi. Watu wakianza kupandisha sauti kwenye joto, huo moto haukai kwenye maneno. Naita chakula cha mmoja wao: "Mayai yako tayari, kaka." Mdomo wenye chipsi haubishi.

Umbea juu ya majirani usiukabidhi kwa yeyote. Acha ufie hapo: "Mimi sikuwepo, mama. Niongeze pilipili?"

Hatua ya saba: mteja aliyefika akiwa amewaka

Njaa na jua vikikutana ndani ya mtu mmoja, anakuja na hasira ambayo hakuitengeneza kwako. Utamtambua: hajibu salamu, anagonga meza kwa sarafu, anauliza "Bado?" kabla hajaagiza.

Huyu mpe vitu viwili, maji na muda wa kweli. Usimwambie "sasa hivi". Neno hilo limewaponza wauzaji wengi, maana kwa mwenye njaa sasa hivi ni sasa hivi. Mwambie "dakika nane", na uhakikishe ni nane. Ili uweze kuahidi hivyo, kazi nzito ifanye kabla ya jua: viazi vimenywe alfajiri, vikaangwe mara ya kwanza asubuhi hadi vilainike bila kupata rangi, kisha viwekwe kwenye chujio vikauke. Mchana unavirudisha tu kwenye mafuta ya moto vipate rangi. Unakaa mbele ya moto muda mfupi, mteja anangoja muda mfupi, na maneno makali yanakosa nafasi.

Akikufokea, shusha sauti yako. Nimejaribu kupandisha na nimejaribu kushusha. Anayeshusha ndiye anayebaki na wateja wengine waliokaa wanasikiliza.

Hatua ya nane: maneno ya mwilini

Tuliseme wazi. Mwanamke anayekaanga akiwa ameloa jasho atasikia mengi. "Dada, ukitoka jasho unapendeza." "Mume wako anakuachaje hapa?" "Nipe namba nikuletee feni." Mengine ni utani wa kawaida, na utani kwetu una heshima yake. Mengine si utani.

Jibu moja, lisilo na tabasamu wala hasira: "Kaka, hapa tunauza chipsi. Kavu au mayai?" Akirudia, taja ukoo: "Mimi ni kama dada yako, nisitiri." Neno hilo lina nguvu, hasa mbele ya watu wazima waliokaa kwenye benchi. Mara nyingi mzee mmoja atakohoa na kumaliza kazi. Akirudia mara ya tatu, mfungie chakula chake na umuage aende zake. Elfu tatu ya sahani moja hainunui ruhusa hiyo. Na wewe mwenye kibanda, kama aliyesemwa ni msaidizi wako, ni wewe wa kusema, usimwachie binti wa miaka kumi na tisa ajitetee mbele ya mtu mzima.

Lakini kuna neno moja la mwilini ambalo linauma na ni la haki: "Jasho lako lisije likaingia kwenye chakula." Usilikasirikie. Kamba ya kitambaa kichwani izuie jasho la paji la uso, taulo ndogo iwe shingoni kwa ajili ya uso peke yake, na mikono isijifute kwenye aproni kisha ikashika viazi. Mimi naweka taulo tatu safi kila asubuhi. Anayesema hivyo namwonyesha nanawa mbele yake, namwambia "Asante kwa kunikumbusha". Wawili kati ya waliowahi kuniambia hivyo ni wateja wangu hadi leo.

Hatua ya tisa: sikiliza soga kama unavyopima homa

Nilikuwa na mteja mmoja, mzee mstaafu, kila siku saa saba anauliza bei ya gunia la viazi, namwambia, anatikisa kichwa, anaagiza. Siku moja mwezi Januari aliniuliza bei, nikamwambia, akaniuliza tena. Mara ya tatu akaniuliza kama gari la Morogoro limeshaondoka. Uso ulikuwa mwekundu mkavu, hana tone la jasho, wakati sisi wote tumeloa. Nikamgusa mkono, ulikuwa unawaka.

Tulimlaza kivulini, tukamfungua vifungo, tukammwagia maji ya dumu, vitambaa vilivyoloweshwa tukaviweka shingoni na kwapani, vijana wawili wakampepea kwa vifuniko vya masufuria. Mwingine akaita bajaji ikampeleka hospitali. Alirudi baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo wajue watu wako wanavyoongea. Anayelalamika kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu au misuli kukaza, huku jasho likimtoka jingi, mkalishe kivulini, mpe maji kidogo kidogo, mpoze. Anayechanganya maneno au kuzimia huku mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kufa. Joto la mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40. Mpoze hapo hapo kwa maji mengi na upepo huku mkimtafutia usafiri, na kama hana fahamu sawasawa usimnyweshe kitu, atapaliwa. Dalili hizo zikikupata wewe, zima jiko. Waambie wateja kwa maneno mepesi: "Jamani nimezidiwa, naomba nipumzike." Sijawahi kuona mteja aliyekasirikia sentensi hiyo.

Neno kuhusu Ramadhani. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na 2026 ikaingia Februari, katikati ya joto lenyewe. Ukiwa umefunga, karai la saa saba si lako. Hamishia kazi baada ya Alasiri, uuze kuelekea futari. Na ukiwa hukufunga, yule aliyefunga aliyesimama kununua vya nyumbani usimtolee soga ndefu. Mhudumie haraka, mtakie swaumu njema.

Hatua ya mwisho: aliyejibiwa vibaya, mfuate

Utateleza tu. Kuna mama mmoja wa mtaa wetu alikuja na mtoto wake wa shule, akaniambia "Pole na joto mwanangu", nami nikamjibu: "Pole zinasaidia nini? Sema unataka nini." Nilikuwa sijanywa maji tangu asubuhi. Alilipa, akachukua, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa anapita upande wa pili wa barabara.

Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nikamwachia msaidizi jiko, nikavuka. Sikumweleza habari za bati wala upepo. Nilimwambia: "Shikamoo mama. Juzi ulinipa pole nikakujibu vibaya. Nimekuja kuomba radhi." Aliniangalia shingoni, palipokuwa na taulo yangu imeloa, akasema: "Marahaba. Umekunywa maji leo?"

Nikamwambia vikombe vinne.

"Haya," akasema, akamshika mtoto mkono tukavuka wote. "Mtengenezee huyu mayai mawili, mimi nipe kavu, na hiyo pole yangu ya juzi uipokee sasa."

Nikaipokea: "Asante mama, nimeshapoa."